Mabehewa ya Misumari

“Hapana, shemeji. Nilisema hapana jana, nimesema hapana asubuhi hii, na ukiniuliza tena lori ikiwa imewashwa, utapata hapana ile ile.”

“Mais unasema hapana na mgongo umepindana kama kulabu!” Lusenge akanijibu. “Hata mufuko wako hauwezi kuufikisha ku barabara.”

“Nitaukokota.”

“Bon. Na bati? Bati pia utazikokota, kutoka Kasindi mpaka Beni?”

Lusenge ni mdogo wa marehemu mume wangu, fundi wa vyuma anayechanganya Kifaransa kila anapobisha, na hajawahi kunyamaza kwa sababu ameambiwa anyamaze. Tulikuwa uani, nyuma ya duka letu la vifaa vya ujenzi, upande wa Rughenda, hapa Butembo. Yeye alikuwa amepiga magoti chini, tupa mkononi, mafuta mpaka viwikoni. Mimi nilikuwa nimesimama na mfuko wa safari begani. Mbele ya duka, lori la Ramazani lilikuwa linapakia magunia ya maharagwe. Likimaliza litateremka Beni, halafu Kasindi, mpakani, ambako bati zetu zilikuwa zimelala kwenye ghala la forodha. Mtu wa familia alipaswa kwenda nalo, azitoe bati hizo, azifikishe kwenye depo yetu ya Beni, na depo yenyewe aifungue upya, maana ilikuwa imefungwa tangu wenye bunduki walipovunja mlango wake. Tangu mume wangu afariki, mtu huyo ni mimi.

“Kijana iko pale,” Lusenge akasema, akinyoosha tupa kuelekea mlango wa jikoni. “Iko na mikono mbili, anasoma, anaandika. Juu ya nini yeye haendi?”

“Anapumzika.”

“Anapumzika kutoka nini? Kutoka ku mapumziko ya jana?”

Kijana mwenyewe, Delphin, kifungua mimba wangu, alikuwa ameketi kwenye kiti cha baba yake. Alikuwa anasikia kila neno. Hakuinua sauti.

“Musigombane juu yangu,” akasema. “Siku ya Dimanche, Manassé anapita huku Rughenda. Nitaenda naye. Kisha mutakuwa na amani.”

Lusenge akaacha kupiga tupa. Mimi nikahisi kama mtu amenimwagia maji baridi mgongoni, palepale panaponiuma.

Manassé alikuwa mtu wa kilimani. Kabla ya vita alifundisha mazoezi ya mwili shuleni. Vita vilipoingia alipanda juu na filimbi yake ile ile, akakusanya vijana wa kupigana. Delphin alikuwa mwanafunzi wa shule ya ufundi kule Beni. Shule ilifungwa, njia ya kurudi Butembo ikafungwa, na yeye na wenzake wakatembea porini mpaka wakakutana na Manassé, au Manassé akakutana nao, sijapata kujua vizuri. Maharagwe yalipandwa, yakavunwa, yakapandwa tena, sina habari zake. Aliporudi, mwaka ule wa 2001, alikuwa na malaria na viatu visivyofanana.

Nilifanya kile ambacho mama yeyote wa kwetu angefanya. Nilichinja kuku. Nilimpa kiti cha baba yake. Nikawaambia watu wote wa nyumba: huyu asiulizwe kitu na asitumwe kitu. Ndivyo tunavyompokea mtu aliyetoka mahali pabaya: anawekewa maji ya kuoga, anawekewa chakula, hagusi jembe wala ndoo, mpaka moyo wake urudi. Malaria iliisha. Amri yangu ilibaki. Falonne, mdogo wake, alikuwa akichota maji, akifungua duka, akipika, na kila akipita mbele ya kile kiti aliinama kidogo: “Bonjour, Monsieur le Ministre. Chai ya bwana mukubwa haina baridi?” Nilimgombeza kwa kumwita kaka yake waziri. Niliendelea kumwekea Delphin chai.

Kitu kimoja tu alichokigusa Delphin kilikuwa gari la moshi la babu yake.

Baba mkwe wangu, mzee Kahongya, Mungu amrehemu, aliendesha treni ya makaa na kuni kule Uele, mpaka Mungbere ambako reli inaishia. Alipostaafu alirudi nyumbani kwenye milima hii isiyo na reli hata moja, akajitengenezea ya kwake. Injini ndogo, ndefu kama mkono wa mtu kutoka kwenye kiwiko mpaka ncha za vidole. Birika lake la mvuke ni mrija mnene wa shaba, magurudumu ni ya chuma kweli, na chini ya birika kuna taa ya spiriti yenye tambi tatu. Reli alizikunja mwenyewe kwa vipande vya chuma, akazipigilia kwenye vijiti vya mkaratusi, duara zima kuzunguka ua. Siku za sikukuu aliiwasha, na majirani wakaja na watoto. Mzee hakupenda iende mbio. Mbio, alisema, hata jiwe linaweza, ukilisukuma mlimani. Dereva alimpima kwa namna anavyoingia stesheni: taratibu, pumzi moja moja, mama aliyesimama kando ya reli na mtoto asirudi nyuma hata hatua.

Hiyo ndiyo kazi Delphin na Lusenge waliyokuwa wakiihangaikia kwa majuma: injini itembee taratibu. Nami, mtu mwenye diploma ya graduat, miaka mitatu ya chuo, na duka la kuendesha, nilikuwa napita nao uani nikiona ni mchezo. Lakini nilikuwa naona.

Kwanza spiriti ilikosekana, kwa sababu njia ya Kasindi ilikuwa inafungwa na kufunguliwa kama mlango wa choo. Wakatumia kanyanga, pombe kali ya kienyeji. Kanyanga ya sokoni ina maji mengi, moto wake ni wa buluu na mvivu. Lusenge akaichemsha tena apate ile kali yenyewe. Nusu iliingia kwenye taa, nusu ilipotea kwa njia ambayo harufu ya Lusenge ilikuwa inaieleza vizuri.

Halafu injini ilikuwa inakohoa. Mvuke ukiingia kwenye silinda zilizo baridi unageuka maji, na pistoni inagonga maji kama mtu anayejikwaa. Delphin akajifunza kuisukuma kwa kidole, mbele na nyuma, mbele na nyuma, mpaka iteme maji yote na silinda zipate joto. Halafu ilikuwa inachechemea: upande mmoja ulikuwa unapokea mvuke mapema kuliko mwingine. Wakalegeza skrubu ndogo, wakasogeza kidogo tu, wakakaza, wakasikiliza. Halafu gurudumu likizungushwa kwa mkono lilikuwa na mahali pamoja pazito, kila mzunguko palepale. Lusenge akapanua tundu la mkono unaosukuma gurudumu kwa tupa, unywele kwa unywele. Wakaiweka juu ya vigogo viwili, magurudumu yakining’inia, wakaiacha izunguke siku nzima na mafuta mazito mpaka vyuma vikazoeana. Wakasawazisha reli. Wakasafisha tambi.

Na baada ya hayo yote, bado. Ukifungua mvuke kidogo, inasimama tu, haisogei. Ukiongeza kidogo, inasimama. Ukiongeza unywele mmoja, inaruka kama mbuzi aliyekata kamba, inazunguka ua kwa mbio, na kwenye kona ya jikoni inaanguka kwa ubavu, magurudumu yakipiga hewa.

Asubuhi ile walikuwa wameiwasha tena. Birika lilikuwa linaimba. Baada ya neno lile la Dimanche, la Jumapili, Delphin, ili asituangalie, aliondoka kitini akainama kwenye reli, akagusa robine, koki ya mvuke.

Ikasimama. Ikasimama. Ikaruka.

“Ifunge!” Lusenge akapiga kelele. “Ifunge, ifunge!”

Ilipita miguuni pangu, ikachukua kona, ikaanguka. Maji ya moto yakamwagika. Delphin akaishika na kitambaa, akaisimamisha, kisha akafanya jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu arudi: alinigeukia akasema kwa hasira.

“Unajua juu ya nini minaenda, Mama? Kule walikuwa wananipa kitu. Nilikuwa natembea mbele, miye ndiye nilikuwa najua fasi maji iko. Batu makumi tatu walikuwa wanakunywa juu yangu. Hapa hata ndoo Falonne ananinyang’anya.”

“Kule walikuwa wanakupa bunduki.”

“Walinipa bunduki pia. Hapa munanipa chai.”

“Unataka kufa?”

“Sitaki kufa. Sitaki kukaa ku ile kiti.”

Ningeweza kumjibu. Nina majibu mengi, wateja wangu wanajua. Nilifungua mdomo nianze na uchungu wa kumzaa, nishuke mpaka kwenye yule kuku. Lakini Falonne alitoka dukani wakati ule, amebeba kisanduku cha misumari kwa mikono miwili, tumbo mbele kwa sababu ya uzito.

“Mama, mukiliya anauliza: misumari ya bati ni hii ao ni ile ya mbao? Na Ramazani anasema mafuta yake inaungua bure.”

Nilimwangalia. Niliangalia kisanduku. Kilikuwa na magurudumu.

Vilikuwa viwili, na vyote vilikuwa na magurudumu. Mabehewa ya mzee Kahongya. Alipokufa, injini ilifungiwa kabatini kwa heshima, na mabehewa mimi niliyachukua nikayaweka kwenye kaunta. Moja la misumari ya bati, moja la misumari ya mbao. Yalitosha vizuri. Miaka yote ile hakuna mtu aliyesema neno, na mwishowe sote tulisahau kwamba yalikuwa treni.

Na hapo nikamwona mama yangu. Si kwa roho, mimi si mtu wa maono, nilimkumbuka tu. Kila siku ya soko alipanda kutoka kijijini kwetu Lubero na kapu la viazi mgongoni, ukanda kwenye paji la uso, mwili umeinama mbele, hatua fupi fupi, na hakuanguka hata siku moja. Kurudi ni mteremko mkali, na kapu tupu. Kabla ya kuteremka aliokota jiwe, jiwe la kweli, akaliweka ndani ya kapu. Nilipokuwa msichana nilimwona mjinga. Nilimwuliza kwa nini mtu aliyeuza mzigo wake ajitafutie mzigo mwingine. Akasema kapu likiwa tupu miguu inakimbia yenyewe, na njia ile si ya kukimbia.

“Lete hapa,” nikamwambia Falonne.

“Na mukiliya?”

“Mukiliya angojee. Na ile ingine, ilete pia. Usipunguze musumari hata moja.”

Lusenge alinitazama kama mtu anayeogopa jua limenipiga. Niliinama, mgongo ukalia, nikaweka mabehewa mawili juu ya reli nyuma ya injini. Kulabu zake zilikuwa na kutu lakini zilishikana. Misumari ilikuwa imejaa mpaka juu.

“Belle-sœur, shemeji,” Lusenge akasema kwa upole, “ile kamashini inashindwa kutembea yenyewe. Unaiongezea kilo ngapi?”

“Inashindwa kujizuia yenyewe, shemeji. Kutembea inajua. Delphin, moto.”

Delphin akajaza maji, akawasha tambi. Tulingoja. Mbele, Ramazani akapiga honi mara moja, honi ya adabu. Birika likaanza kuimba tena. Delphin akasukuma injini kwa kidole, mbele na nyuma, ikatema maji yake. Akafungua mvuke kidogo. Ikasimama. Akaongeza. Ikasimama. Akaongeza zaidi ya pale ilipokuwa inaruka, na haikuruka. Kulabu zikanyooka, tak, behewa la kwanza. Tak, la pili. Kisha gurudumu kubwa likageuka nusu, likafikiri, likamaliza duara.

Pumzi moja. Halafu nyingine.

Sijui kueleza kwa nini sote tulisogea kuitazama. Ni misumari tu iliyokuwa inasafirishwa kutoka mlango wa duka mpaka jikoni. Lakini ilikwenda taratibu mno hata ungeweza kuhesabu njiti za magurudumu. Kila pumzi ilitoka peke yake, nyeupe, ikasimama hewani, ndipo nyingine ikaja. Ilifika kwenye kona. Injini ikataka kuinama, mabehewa yakaivuta nyuma, ikatulia, ikapita. Delphin alikuwa anatembea kando yake ameinama, mkono karibu na robine bila kuigusa. Hatua fupi fupi.

“Ekiee,” Lusenge akasema. Kisha akaanza kueleza, kwa sababu hawezi kuona kitu bila kukieleza. “Donc, ikiwa mutupu, ile nguvu ya kuiamusha inapita ile ya kuiendesha. Ikisha kuamuka, nguvu inabakia, inaenda wapi? Inaenda ku mbio. Mais sasa ile nguvu iko na kazi ya…”

“Shemeji.”

“Mm?”

“Nimeelewa.”

Nilikuwa nimeelewa, na sikufurahi. Nilikuwa ninamwangalia mwanangu. Magoti yake yalikuwa yamechafuka, uso wake ulikuwa wa mtu mwenye shughuli. Nikafikiri jinsi nilivyomvua kila kitu, kimoja kimoja, kwa upendo: ndoo, duka, maswali, safari. Na jinsi nilivyoshangaa jioni nilipomkuta anazunguka ua kama ng’ombe wa kukanyaga udongo wa matofali, na jinsi nilivyomwongezea chai. Manassé hakuwa na akili kunishinda. Alikuwa na kitu cha kumbebesha, basi.

Barabara ya Beni naijua. Najua vizuizi vyake, na askari wa kila rangi ya sare wanaosimama pale. Najua kijana wa umri ule anatazamwa namna gani. Mama mwenye mgongo mbovu anapita. Kijana anaulizwa ametoka wapi. Na najua kwamba Manassé anatumia njia ile ile. Yote hayo niliyapima pale, injini ikiwa inakaribia mlango wa duka kwa mara ya pili. Upande wa pili wa mizani niliweka Dimanche, Jumapili ile ya Manassé. Dimanche ilikuwa hakika. Barabara ilikuwa labda.

Honi ya pili ya Ramazani haikuwa ya adabu.

“Mama Delphin!” akaita kutoka barabarani. Ramazani ni mtu wa Beni, anabeba mizigo yetu tangu mume wangu akiwa hai. “Tunaenda ao tunalala? Mvua haitaniuliza kama umemaliza kubishana na shemeji!”

“Delphin,” nikasema. “Funga mvuke. Simama.”

Alifunga. Injini ikaingia mlangoni, ikapumua mara mbili, ikasimama bila kushtuka. Mama mwenye mtoto asingerudi hata hatua.

Nilishusha mfuko wa safari begani, nikaufungua palepale uani, nikatoa kitenge changu cha kulalia, nguo zangu za ndani na dawa ya mgongo. Falonne akafunika mdomo kwa mkono. Karatasi za forodha niliziacha ndani, na mkate, na chupa ya maji. Nikavua kamba shingoni, yenye ufunguo wa depo ya Beni, nikamvika Delphin. Alikuwa mrefu kuliko nilivyokumbuka, ilibidi ainame.

“Bati zihesabu mwenyewe, moja moja,” nikamwambia. “Mutu akikuambia ziko sawa, hesabu tena. Ile yenye imepondeka ku kona, ikatae, hata bakikucheka. Ukifika ku depo, nunua komeo mupya mbele ya kulala. Fagia. Fungua. Bei utaiweka weye.”

“Miye?”

“Ramazani hauzi bati. Ni nani mwingine atakuwa kule?”

Aliushika ufunguo kifuani kama kitu cha moto.

“Na nitarudi siku gani?”

“Siku bati zitakwisha.”

“Mama. Na Manassé akinikuta ku njia?”

“Mwambie uko na bati.”

Lusenge alikuwa ameshaanza kupaka mafuta kulabu za mabehewa. Falonne akasema, akiinama kidogo kama kawaida yake: “Safari njema, Monsieur le Ministre.” Delphin akamzaba kofi dogo kisogoni, na Falonne akacheka, na wote wawili nikawaona watoto wangu kama walivyokuwa kabla ya vita.

Tulipita dukani. Mteja bado alikuwa anangoja misumari yake. Nilimwambia aingoje, iko safarini. Ramazani alimwona Delphin na mfuko, akaniangalia mimi mikono mitupu, akataka kuuliza, kisha akafungua mlango wa mbele wa lori.

“Hapana, kule juu,” nikasema. “Juu ya magunia. Yeye ndiye anachunga mzigo.”

Delphin alipanda. Alikanyaga gurudumu, akashika kamba, akaketi juu ya maharagwe ya watu, mfuko mbele yake. Hakupunga mkono. Alikuwa anaangalia kama kamba zimefungwa vizuri.

Nikapiga ubavu wa lori kwa kiganja, mara mbili, na Ramazani akatia gia.